Ndege Sita wa Alfajiri

Kwa miaka minne niliwafuatilia pengwini bila kumwona hata mmoja. Watu wakisikia hivyo hucheka, nami huwaacha wacheke. Ofisi yetu ilikuwa kaskazini mwa Stockholm, ghorofa ya tatu, dirisha langu likitazama maegesho ya baiskeli. Ndege wenyewe walikuwa upande wa pili wa dunia, kwenye barafu ya bahari inayoizunguka ncha ya kusini. Kilichotuunganisha ni kifaa kidogo, kama kiberiti hivi, ambacho wenzetu waliokuwa kule kituoni walikibandika kwa gundi na utepe kwenye manyoya ya mgongo wa ndege. Akienda kula anaenda nacho. Akirudi kinabanduliwa, na yaliyomo ndani yake yanatumwa kwangu niyasafishe.

Mama yangu, kila nilipompigia simu nyumbani Manyoni, aliniuliza swali lilelile.

"Na huyo ndege analiwa?"

"Haliwi, mama."

"Sasa mnamfuata wa nini?"

Nilimweleza kwamba tunataka kujua anakula wapi majira yakibadilika. Kule baridi kali ni mwezi wa sita hadi wa nane, wakati huku kwetu Stockholm jua linakataa kutua. Bahari inaganda, ukingo wa barafu unasogea mbali, na ndege anayetaka samaki hana budi kutembea siku nyingi kwa miguu na kwa tumbo mpaka apate maji wazi, au apate ufa kwenye barafu unaotosha kuingiza mwili. Majira yakigeuka barafu inavunjika, maji yanasogea karibu, na safari zinakuwa fupi. Kwenye ramani yangu niliona mistari ya safari zao ikirefuka na kufupika mwaka mzima. Mama alisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Haya mwanangu, ilimradi wanakulipa."

Akina mama wa jumuiya yetu ya maombi hapa Alby, mtaa tunaokaa, walipenda jambo moja tu katika kazi yangu. Jike akishataga yai lake moja humkabidhi dume, naye dume hulibeba juu ya miguu yake, amesimama kwenye baridi, hali kitu, zaidi ya miezi miwili, hadi mwenzake arudi kutoka baharini amejaa samaki. "Kumbe mume wa namna hiyo yupo!" alisema mmoja wao, Mkenya aliyekuwa ametoka zamu. "Shida tu ni vile ako na mdomo wa ndege." Tulicheka mpaka chai ikapoa.

Niseme ukweli kuhusu tabia yangu, maana bila hiyo habari hii haina maana. Mimi ni mtu wa kujisifu kwa usahihi. Nikikuta kosa la mwenzangu silipiti kimya. Mwenzetu mmoja ofisini, kijana mtaratibu kutoka Finland, aliwahi kusahau alama ya kutoa mbele ya namba, ile inayoonyesha kusini, na kundi zima la pengwini likatokea kwenye ramani huku kaskazini, karibu na Norway. Nilisubiri hadi muda wa kahawa, watu wote wakiwa mezani na maandazi yao ya mdalasini, nikamuuliza kwa sauti kama ndege wake wameshapata nyumba huko Norway. Alicheka kidogo, akawa mwekundu mpaka masikioni. Sikumwomba radhi. Nilijiona nimefanya kazi yangu.

Sasa kuhusu saa. Baba yangu alikuwa karani wa stesheni ya reli. Ratiba ya treni ilikuja kwenye karatasi kwa saa ishirini na nne, na abiria walikuja na saa zao za mdomo, zinazoanzia jua linapochomoza. Kazi ya baba, miaka thelathini na kitu, ilikuwa kusimama dirishani na kugeuza moja kuwa nyingine. Karatasi inasema 14:30, yeye anasema saa nane na nusu mchana. Alinifundisha hivyohivyo nikiwa mdogo, kwenye saa kubwa ya ukutani: tazama mshale ulipo, kisha soma namba iliyo upande wa pili, mkabala nao. "Saa ya karatasi ni ya treni," alikuwa akisema. "Saa ya mdomo ni ya watu." Sikumbuki akikosea hata siku moja.

Mimi nilikuja Sweden kusoma, nikaolewa, nikazaa, lakini kichwani sikuhama. Nikiona 08:10 naisikia saa mbili na dakika kumi. Nyumbani tunasema hivyo, ingawa binti yetu wa miaka minane hatuungi mkono. Desemba moja nilimwamsha nikimwambia ni saa moja asubuhi, ajitayarishe. Alitazama dirisha lililokuwa jeusi tititi, akanijibu kwa Kiswidi kwamba saa moja ya jua gani, jua lenyewe bado limelala. Nikamwambia avae soksi.

Hata jumuiya yetu imewahi kuumbuka kwa jambo hili. Tuliwahi kualika watu Skärholmen, kwenye ubarikio wa mtoto, saa nane. Watanzania na Wakenya walifika saa nane mchana, yaani, kwa kuchelewa kwetu kwa kawaida, saa tisa. Familia moja ya Wakongo ilifika jioni, masufuria yakiwa yameshaoshwa, kwa sababu kwao saa nane ni ile inayosomeka nane kwenye saa yenyewe. "Pardon, mama," alisema baba wa familia, ameshika zawadi mlangoni, "mulisema saa munane, na sasa ni saa munane." Tuliwapashia wali uliobaki. Tangu siku hiyo mialiko yetu huandikwa kwa namna mbili.

Baba alifariki mwaka wangu wa pili pale ofisini. Sikwenda kumzika. Ombi langu la kuongezewa kibali cha kukaa lilikuwa bado halijajibiwa, na ukitoka kabla ya jibu, kurudi kwako ni bahati nasibu. Kaka zangu waliniambia nisijali, watanionyesha kila kitu kwenye simu. Nasema hivyo tu kwa sasa.

Mwaka wa nne, kwenye vuli, mkuu wetu alikuja kwenye meza yangu akiwa na karatasi mkononi. Alikuwa mama wa makamo, mpole, asiyependa maneno mengi, na ndiyo maana nilishtuka kumwona akitabasamu peke yake. Alikuwa amechora saa ambazo ndege huzama kilindini zaidi. Pengwini hawa hutegemea macho, kwa hiyo huzama sana wakati wa mwanga, na kilele chao ni mchana. Ndege wetu wote walifanya hivyo, isipokuwa sita. Sita hao, wa msimu mmoja ambao barafu ilikuwa imetanda mbali sana, walikuwa wakizama kilindini kabisa saa kumi na mbili alfajiri, karatasi ikisomeka 06:00, wakati giza halijaisha vizuri.

"Wamebadilisha saa zao kwa sababu ya barafu," alisema. "Unaona? Ndege wa alfajiri."

Niliona. Nani asingeona? Aliibandika karatasi ile ukutani, na Ijumaa akaleta keki. Mkutano mkubwa wa wataalamu ungefanyika majira ya kuchipua, naye angewaeleza habari ya ndege hao sita. Juu ya habari hiyo angeomba fedha za miaka mitatu zaidi, na ndani ya ombi hilo mlikuwa na nafasi moja ya kudumu ya msafishaji wa takwimu, yaani mimi. Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi wa sita. Kwa miaka minne nilikuwa nimeishi kwa mikataba ya vipande vipande, na kila kipande na kibali chake. Nilirudi Alby jioni hiyo nikimwambia mume wangu kwamba pengwini sita wametupa nyumba.

Mwezi wa kwanza ukaja. Binti yetu alikuwa na miadi ya daktari wa meno saa nane na nusu mchana. Niliandikia shule ujumbe kwa simu nikiwa nimesimama jikoni: mtoto atachukuliwa saa fulani, tafadhali awe tayari mlangoni. Nikaenda kazini. Saa nne kasoro mwalimu wake akanipigia. Mtoto alikuwa ameketi mlangoni tangu saa mbili na nusu, amevaa koti na kofia na begi mgongoni, na amekataa kuvua kwa sababu mama amesema anakuja. Niliomba radhi, nikasema lazima shule imesoma vibaya. Kisha nikafungua ujumbe wangu mwenyewe. Nilikuwa nimeandika 08:30.

Mchana, njiani kwenda kwa daktari wa meno, binti yangu hakunisemesha vituo vitatu vizima. Kisha akasema kwa Kiswidi, bila kunitazama, "Nilidhani umenisahau." Nilimkumbatia, koti na begi na vyote. Niliumia sana, na bado naumia nikilikumbuka.

Kesho yake asubuhi, kwenye treni, wazo likanijia taratibu. Kama mkono wangu unaweza kuandika 08:30 mahali pa 14:30 bila kichwa kujua, je, ni wapi pengine umeandika hivyo? Kifaa kile cha mgongoni hakijui saa. Kinahesabu sekunde tangu kilipowashwa, basi. Saa ya kuwashwa iliandikwa kwa kalamu kule kwenye barafu, kwenye daftari la kituo, na mtu aliyeinakili kutoka daftarini hadi kwenye kompyuta alikuwa mimi.

Nilifika ofisini kabla ya wenzangu, nikafungua picha za daftari na kuziweka kando ya faili langu. Ndege wa kwanza kati ya wale sita: daftari linasema 08:10, mimi nimeandika 02:10. Wa pili: 13:20, mimi 07:20. Wa tatu: 11:45. Sikuhitaji hata kutazama, nilijua nitakuta 05:45. Saa sita kasorobo. Wote sita nilikuwa nimewarudisha nyuma saa sita kamili, kwa mkono wangu, kwa usahihi mkubwa. Hawakuwa wameamka alfajiri. Walikuwa wakizama mchana, jua likiwa juu, kama ndege wenzao wote.

Nilikaa pale nikitazama karatasi ukutani. Nitasema lililonijia kwanza, ingawa halinipendezi: hakuna mtu mwingine ofisini mle ambaye angeweza kuligundua kosa hili. Hata wangepitia faili lile mara mia, wangeona saa za kawaida tu. Ili ushuku kosa na kurudi kwenye daftari, ilibidi uwe umefundishwa kusoma saa kwa upande wa pili.

Nilikaa nalo siku mbili. Siku ya tatu asubuhi nilimweleza mume wangu, alipokuwa akichemsha chai kabla ya kwenda zamu kwenye nyumba ya wazee. Yeye ni Mkenya, mtu wa mizaha, lakini hapo hakufanya mzaha.

"Wacha nikuulize," alisema. "Kuna mtu mwingine hapo kazini anaweza gundua?"

"Hakuna."

"Na ukinyamaza, kuna mtu ataumia?"

"Pengwini hawataumia."

"Basi hiyo ni yako na Mungu." Alimimina chai, akanisogezea kikombe. "Lakini mimi nakujua. Wewe hata chumvi ikizidi kwa mboga unatangaza kwa mlango kabla mgeni avue viatu. Utanyamaza na hii aje?"

"Tutapoteza ile nafasi."

"Najua," alisema. "Mficha uchi hazai. Enda useme."

Nilimfuata mkuu wetu chumbani kwake, nikafunga mlango. Nilikuwa nimejiandalia maneno mazuri ya Kiswidi, yote yakanikimbia, nikasema tu kwamba ndege wa alfajiri hawapo, nimewatengeneza mimi kwa kosa. Alivua miwani. Aliniomba nimchoree. Nikachora saa ya mviringo, nikaandika namba kama zilivyo, halafu kando ya kila namba nikaandika ile ya mkabala nayo.

"Kwa hiyo jua likiwa kichwani," alisema, "ni saa sita."

"Ndiyo. Na jua likichomoza linaanza kuhesabiwa."

Aliufuata mchoro wangu kwa kidole. "Ina mantiki kuliko ya kwetu," alisema, nami nikataka kulia, maana alilisema kwa heshima. Kisha akavaa miwani tena na kuuliza swali nililokuwa naliogopa kuliko la mkataba. "Kuna mahali pengine umefanya hivyo?"

"Sijui," nikasema.

Miaka minne nilikuwa sijawahi kulitamka neno hilo ofisini mle.

Hakunifokea. Aliondoa habari ya ndege sita kwenye mkutano, na ombi la fedha akaliacha lipite mwaka huo. Kuhusu mimi alisema asingeweza kuahidi chochote baada ya mwezi wa sita, na kwamba kazi yote niliyonakili kwa mkono ikaguliwe upya, mstari kwa mstari, na watu wawili, mmoja akisoma na mwingine akitazama. Akauliza mezani nani atakaa nami. Kila mtu akainamia kikombe chake. Nilijua kwa nini: nilikuwa nimemcheka karibu kila mtu pale kwa wakati wake. Mwosha huoshwa.

Aliyesukuma kiti chake hadi mezani kwangu alikuwa yule kijana wa Finland.

"Nitasoma mimi," alisema. "Kwa Kiswidi, polepole, ili usisikie kwa Kiswahili."

Hapo ndipo nilipomwomba radhi kwa habari ya Norway. Alifikiri kidogo, kama kawaida yake. "Ilikuwa ya kuchekesha," alisema. "Lakini si siku ile." Kisha akafungua daftari la kwanza.

Tulikaa hivyo wiki nyingi. Alisoma, nilitazama, tukaweka alama. Nje theluji ilikuja ikaondoka, baiskeli zikarudi kwenye maegesho. Tulipitia wa majira ya baridi waliokwenda mbali hadi ukingoni, tukapitia wa majira ya joto waliokuwa wakizama karibu kabisa na watoto wao. Mamia ya saa, zote sahihi. Kila daftari tulilofunga nilipumua kidogo, na bado nilishindwa kuelewa. Kama ni tabia ya kichwa changu, mbona nilikosea kwa ndege sita tu?

Yeye ndiye aliyefikiria kutazama upande wa pili wa faili, ambako kompyuta inaweka kumbukumbu ya siku na saa kila mstari ulipoandikwa. Alizisoma kwa sauti ileile ya taratibu. Ndege wote sita waliingizwa siku moja, kati ya saa tatu na saa tano asubuhi. Wa saba wa daftari hilohilo aliingizwa kesho yake, na alikuwa sahihi.

"Unaikumbuka siku hii?" aliniuliza.

Alinigeuzia skrini nione tarehe.

Nilikuwa nimeiegemeza simu kwenye kikombe, sauti ikiwa kwenye sikio moja. Sikuomba ruhusa kazini siku ile kwa sababu nyumbani kwangu Alby hapakuwa na mtu, na sikutaka kumzika baba nikiwa peke yangu kwenye kochi. Kwenye skrini ya simu nilimwona mama kwenye kiti cha plastiki, kwaya, watu wa stesheni na makoti yao. Kaka yangu alikuwa akitangaza ratiba kwa kipaza sauti: ibada saa tano, kuaga saa sita, kaburini saa saba. Nami, ili nisilie mbele ya wenzangu, niliendelea kunakili saa za pengwini. Ilipofika saa saba ya kule, huku ikiwa saa tano, jeneza lilishushwa, nikaacha kuandika.

"Siku hiyo tulikuwa tunamzika baba," nilimwambia. Alifunga daftari, akaenda kuleta kahawa mbili, akaketi nami mpaka nikamaliza kulia.

Mkuu wetu alipoambiwa aliniuliza kwa nini sikusema wakati ule, angenipa siku nzima nyumbani. Nilimjibu kwamba nilijua angenipa, na ndiyo maana sikusema.

Mkataba wangu uliisha mwezi wa sita kama ulivyoandikwa. Sasa nafanya kazi Kista, kwenye jengo la vioo, nasafisha takwimu za lifti: imepanda lini, imekwama ghorofa gani. Kibali tulikipata kwa njia hiyo. Lifti nazo zinashuka na kupanda mchana kutwa, ila hakuna anayezisubiri kwa mapenzi, na mama yangu ameacha kuuliza kama zinaliwa.

Siku ya kuaga nilimwomba mkuu ile karatasi ya ukutani, ya ndege sita wa alfajiri. Alisita, akasema lakini si ina makosa. Nikamwambia najua, akaibandua taratibu asichane pembe. Iko jikoni kwetu, chini ya saa. Juzi binti yangu aliisoma akila uji, akauliza kwa Kiswidi kwa nini ndege hawa wanazama saa ile, 06:00, giza lote hilo. Nikamwambia aisome kwa saa ya mdomo, saa ya watu wa babu yake. Alitazama karatasi, akatazama saa ukutani, akatafuta namba.

"Saa sita," akasema kwa Kiswahili. Kisha, baada ya kufikiri, "Mchana."

Kwa saa ya watu baba angeisoma hivyohivyo, na asingeona kosa lolote.